Kuchungulia Tumbo la Mtoto

Mwaka 1965 jarida la tiba la Lancet, linalotoka London, lilichapisha makala kutoka Kampala. Waandishi wake watatu, Stanfield, Hutt na Tunnicliffe, waliandika juu ya vinyama vilivyokatwa kwenye utumbo wa watoto wenye kwashiakoo. Makala za aina hiyo zina lugha kavu: seli, tishu, vipimo. Msomaji inabidi ajikumbushe kwamba kila kinyama kilitoka kwa mtoto mmoja, mdogo, aliyevimba miguu na uso, nywele zimefifia rangi, ngozi inabambuka, na hamu ya kula imemwisha.

Kifaa cha kazi hiyo kilibuniwa Marekani mwaka 1957 na daktari William Crosby na mwenzake Kugler. Ni kidonge cha chuma kilichofungwa kwenye ncha ya mrija mwembamba. Ubavuni kina tundu, na ndani kina kisu kidogo chenye springi. Mtoto anamezeshwa, kisha inasubiriwa saa kadhaa mpaka kidonge kishuke kwenye utumbo mwembamba. Picha ya eksirei ikishaonyesha kimefika, daktari anavuta hewa kwa bomba la sindano. Ukuta wa utumbo unanyonywa kwenye tundu, kisu kinafyatuka, kinyama kinakatwa, na mrija unavutwa nje. Kwa watoto kilitengenezwa cha saizi ndogo, kwa sababu ukuta wa utumbo wao ni mwembamba na kuutoboa ni rahisi.

Madaktari wa Mulago walikuwa na sababu ya kutaka kuona. Kwashiakoo ilikuwa imewasumbua tangu enzi za Hugh Trowell, ambaye pamoja na Davies na Dean alitoa kitabu kizima juu ya ugonjwa huo mwaka 1954. Ilishajulikana kwamba mtoto anahitaji protini. Lakini mtoto alipewa maziwa na bado aliendelea kuharisha, na wengine wakafa wakiwa wodini. Chini ya hadubini jibu mojawapo lilionekana. Ndani ya utumbo wenye afya kuna vijinyweleo vinavyosimama kama zulia nene, na ndivyo vinavyofyonza chakula. Kwa watoto wale zulia lilikuwa limelala, na mahali pengine limekwisha kabisa. Utumbo wa namna hiyo unashindwa hata kumeng'enya sukari ya maziwa. Tiba inaingia mdomoni lakini haifiki mwilini.

Mwaka huohuo wa 1965, hapohapo Mulago, kilifunguliwa kituo cha lishe kiitwacho Mwanamugimu, na Stanfield alikuwa miongoni mwa walioongoza kazi yake. Jina hilo limetoka kwenye methali ya Kiganda yenye maana kwamba mtoto mwenye afya huanzia kwenye mbeleko, yaani katika malezi. Pale mama alikaa pamoja na mwanawe, akajifunza kupika kitobero, mchanganyiko wa vyakula vinavyopatikana shambani kwake, na akamwona mtoto anarudi kuwa mtoto. Hakuna mrija uliohitajika. Daktari yuleyule aliyetafuta jibu chini ya hadubini alilitafuta pia kwenye sufuria ya mama.

Mimi nasoma shahada ya umahiri katika historia, na nyumbani ni Mandewa, kata ya Manispaa ya Singida ambako Hospitali ya Rufaa ya Mkoa imejengwa. Hospitali kubwa ikija mtaani kwenu, hata maneno yanabadilika. Zamani mtu alisema amekwenda kutibiwa; siku hizi anasema amekwenda kupimwa. Kipimo kimekuwa kitu cha kutamaniwa, na asiyepimwa anaona amepunjwa. Ndiyo maana nimeandika historia hii. Ni historia ya kuchungulia tumbo la mtoto, na kila inapofika inauliza jambo lilelile: tunachungulia kwa faida ya nani?

Kabla ya mirija, daktari alikuwa na mikono yake. Alibonyeza tumbo, akasikiliza, akakiangalia kinyesi, akaingiza kidole. Bado hizo ndizo hatua za kwanza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaja eksirei yenye bariamu, dawa nyeupe inayoingizwa kwa njia ya haja kubwa ili kivuli cha utumbo kionekane kwenye picha. Daktari aliona umbo la utumbo, lakini rangi, damu na kidonda hakuviona.

Hamu ya kuona kwa macho ni ya zamani zaidi. Mwaka 1806 Philipp Bozzini, daktari wa Frankfurt, alitangaza chombo chake cha kupeleka mwanga wa mshumaa ndani ya mwili. Mwaka 1868 Adolf Kussmaul, naye Mjerumani, alifaulu kushusha bomba lililonyooka mpaka tumboni kwa kumtumia mtu aliyezoea kumeza panga kwenye maonyesho. Utumbo mpana, hata hivyo, una kona, na bomba lililonyooka halipiti kona. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1954, Hopkins na Kapany walipoonyesha kwamba picha inaweza kusafiri ndani ya nyuzi nyembamba za kioo hata zikipindwa. Mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa Michigan, alitumia nyuzi hizo kutazama tumbo. Katika miaka ya 1960 Wajapani na Wamarekani waliupeleka mrija wa namna hiyo kwenye utumbo mpana. Kipimo hicho ndicho kolonoskopi. Mitaani kwetu watu husema kipimo cha kamera.

Mwaka 1969 jijini New York, Hiromi Shinya na William Wolff walianza kukata vinyama vya utumbo mpana kwa waya uliopitishwa ndani ya mrija huohuo. Hapo kifaa cha kutazamia kikawa pia kifaa cha kutibu. Kilichohitaji kupasua tumbo kikaanza kumalizwa asubuhi moja, na mgonjwa akarudi nyumbani bila mshono.

Watoto walifikiwa baadaye kidogo, katika miaka ya 1970, mirija ilipokuwa miembamba na madaktari wakawa wamepata uzoefu. Mwaka 1982 Christopher Williams na wenzake wa London walichapisha taarifa yao juu ya kuufikia utumbo mpana wote wa mtoto. Tangu hapo kolonoskopi imekuwa sehemu ya kawaida ya tiba ya watoto katika nchi zenye uwezo. Inatumika pale mtoto anapotoa damu kwa muda mrefu bila sababu kujulikana, anapoharisha na kukonda kwa miezi, au panapohisiwa ugonjwa wa Crohn, kifua kikuu cha utumbo, au kinyama kinachovuja damu.

Lakini kwa mtoto kipimo hiki si jambo dogo. Siku moja au mbili kabla anapewa dawa ya kusafisha tumbo, anaharisha mpaka yatoke maji matupu, na chakula anakikosa. Watoto wengi inabidi walazwe kwa dawa ya usingizi, ile tunayoiita nusu kaputi, kwa hiyo anahitajika mtaalamu wa usingizi anayejua watoto. Mara chache utumbo hutoboka au damu hutoka nyingi. Tena kinyama kikishakatwa, lazima awepo mtu wa maabara wa kukisoma. Kamera bila watu hao haina maana.

Magonjwa mengi ya tumbo la mtoto wala hayahitaji kamera. Kukosa choo kwa kawaida kunatibiwa kwa chakula, maji, dawa ya kulainisha na subira. Utumbo uliojiingiza ndani ya utumbo, unaomfanya mtoto mchanga alie kwa vipindi na kutoa choo chenye damu na makamasi, unataka haraka: altrasaundi, kisha kuurudisha mahali pake au kupasua. Ugonjwa alioueleza Harald Hirschsprung, daktari wa Copenhagen, mwaka 1886, ambao mtoto huzaliwa bila neva za kusukuma choo kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo, unathibitishwa kwa kinyama cha njia ya haja kubwa. Kuhara damu kwa ghafla mara nyingi ni kazi ya vijidudu, na katika nchi yetu kichocho cha tumbo nacho kinahesabiwa. Vyote hivi huanza kutafutwa kwenye kopo la choo.

Ila kopo la choo nalo lina mwisho wake. Mtaani kwetu kulikuwa na mtoto wa kiume wa miaka mitano ambaye kwa miezi minane alijisaidia choo cha kawaida chenye damu nyekundu juu yake. Hakulia, hakuwa na homa, alicheza kama wenzake. Alipewa dawa ya amiba mara tatu na dawa ya minyoo mara mbili, katika vituo tofauti. Kila mara damu ilipungua siku chache, dawa ikasifiwa, kisha damu ikarudi. Mwishowe viganja vyake vikawa vyeupe kwa upungufu wa damu, akapewa rufaa ya kwenda Dodoma, kiasi cha kilomita 240. Waliuza mbuzi wawili kwa ajili ya nauli na siku za kukaa huko. Kamera iliingizwa, kikaonekana kinyama kimoja chenye kikonyo, kikakatwa palepale. Kesho yake aliruhusiwa.

Mama yake, ambaye kwa ujirani namwita mama mdogo, alinijia na karatasi ya majibu.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Wewe si unasoma chuo kikuu? Hebu nisomee hapa wameandika nini, maana ni Kiingereza kitupu."

Nikamsomea kwamba kinyama kile ni cha utotoni na si saratani. Akaniuliza kama ningeweza kumwandikia maneno hayo kwa Kiswahili nyuma ya karatasi ileile. Nikaandika.

Vinyama vya aina hiyo ni jambo linalofahamika sana katika vitabu vya tiba ya watoto. Huwapata hasa wenye umri kati ya miaka miwili na kumi, mara nyingi kimoja tu, sehemu ya chini ya utumbo mpana, na dalili yake kuu ni damu isiyo na maumivu. Mtoto yule hakuwa na ugonjwa wa ajabu. Aliugua tu mbali na kamera.

Hapa historia ya Afrika Mashariki ina jambo la kutufundisha. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, na ambaye jina lake limebaki kwenye saratani ya taya ya watoto, baadaye aligeukia utumbo. Aliwaandikia madaktari wa hospitali za misheni akiwauliza wanaona nini. Majibu yakawa kwamba saratani ya utumbo mpana, vinyama vyake na kidole tumbo ni adimu sana vijijini Afrika. Mwaka 1972 yeye na wenzake, Walker na Painter, walichapisha vipimo vya choo: waliwameza watu vijipande vinavyoonekana kwa eksirei, wakahesabu vimetoka lini, wakapima na uzito wa kinyesi. Kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita kwa takriban siku moja na nusu. Kwa vijana wa shule za bweni Uingereza kilichukua takriban mara mbili ya muda huo. Burkitt alisema siri ni nyuzinyuzi za chakula. Mtu aliyekulia ugali wa uwele na mlenda, kama sisi wa Singida, anaisoma hoja hiyo kwa tabasamu la kujivunia.

Jambo hilo Burkitt aliliona vizuri, na ulimwengu ulimsikiliza. Lakini msomaji wa historia lazima aulize pia orodha zile ziliandikwa na nani na kwa vifaa gani. Hospitali isiyo na mrija wala maabara ya kusoma vinyama haiwezi kuandika kinyama ambacho haikukiona. Neno "adimu" kwenye daftari linaweza kumaanisha kwamba ugonjwa haupo, na linaweza kumaanisha kwamba hakuna aliyetazama. Mtoto wa mtaani kwetu alikaa miezi minane ndani ya maana hiyo ya pili.

Je, basi dawa ni kutazama kila mtoto? London iliwahi kujibu swali hilo vibaya. Februari 1998 jarida lilelile la Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake wa hospitali ya Royal Free juu ya watoto 12, wengi wao wakiwa na usonji au matatizo ya ukuaji wa akili. Watoto hao walikuwa wamefanyiwa kolonoskopi, na makala ilihusisha hali yao na uvimbe wa utumbo, kisha ikaingiza chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Wazazi wengi waliogopa, chanjo ikashuka, surua ikarudi mahali ilipokuwa imekwisha sahaulika. Kuanzia mwaka 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alifichua kwamba Wakefield alikuwa akilipwa na wanasheria waliotaka kuwashitaki watengenezaji wa chanjo.

Watu wengi wanaijua sehemu ya chanjo. Sehemu ya kamera haizungumzwi sana. Mwaka 2010 Baraza Kuu la Tiba la Uingereza liliamua kwamba baadhi ya watoto wale walipitishwa kwenye vipimo vya kuingilia mwili, kolonoskopi na sindano ya uti wa mgongo vikiwemo, bila hali yao kuvihitaji na bila idhini ya kamati ya maadili. Makala ikafutwa Februari mwaka huo, na Mei Wakefield akaondolewa kwenye orodha ya madaktari.

Aliondolewa pamoja naye John Walker-Smith, mmoja wa mabingwa waliotangulia wa magonjwa ya utumbo ya watoto. Yeye alikata rufaa, na Machi 2012 Mahakama Kuu ikaitengua hukumu yake. Jaji aliona hoja za Baraza zilikuwa hafifu, na kwamba halikuwa limelishughulikia ipasavyo swali la msingi: daktari huyu alikusudia kutibu, au alikusudia kutafiti? Wakefield hakurejeshwa.

Swali hilo la jaji ndilo la Kampala ya 1965. Mrija ni uleule, mtoto amelala vilevile. Nia ya anayeushika ndiyo inayobadilisha tendo zima. Na nia haionekani kwenye picha. Inaonekana kwenye maneno aliyoambiwa mzazi kabla ya kutia sahihi.

Kuna mahali karibu na kwetu ambapo watafiti walijizuia. Kaskazini mwa Singida, mkoani Manyara, ipo Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955; wagonjwa wengi wa mkoa wetu huenda huko. Kuanzia mwaka 2009 Haydom ilikuwa moja ya vituo vinane vya dunia vya utafiti ulioitwa MAL-ED, ulioulizwa swali la Stanfield kwa namna mpya: kwa nini mtoto anakula lakini hakui? Watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa hadi miaka miwili. Walikuwa watoto wa kawaida majumbani mwao, kwa hiyo kuwalaza na kuwapitisha mrija hakukuwa na haki yoyote. Badala yake choo kilikusanywa kila mwezi, na watoto walinyweshwa maji yenye sukari za aina mbili, kisha mkojo ukapimwa ili ijulikane ukuta wa utumbo unapitisha nini. Ilionekana kwamba vijidudu kama Shigella na Campylobacter hudhoofisha ukuaji hata pale mtoto haharishi.

Ukafuata utafiti mwingine hapohapo, ELICIT, uliowapa watoto 1,188 dawa za kuua vijidudu au aina ya vitamini B3, au dawa bandia, mpaka miezi 18. Hakuna dawa iliyowaongezea urefu. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2021 bila kupambwa. Yanakatisha tamaa, lakini yamepatikana kwa haki, na hakuna mtoto aliyetolewa damu ya utumbo ili yapatikane.

Kwa hiyo makosa ni mawili. London watoto walitazamwa bila kuhitaji kutazamwa. Kwetu mtoto anahitaji kutazamwa na hatazamwi, kwa sababu vituo vinavyoweza kumlaza mtoto mdogo usingizi na kumpitisha mrija ni vichache na viko mbali. Kuogopa kosa la kwanza kusitufanye turidhike na la pili. Na hamu ya kulimaliza la pili isitufanye tudhani kila tumbo linalouma ni la kamera.

Mzazi hawezi kuamua haya peke yake, ila anaweza kuuliza. Unadhani mwanangu ana nini? Choo chake kimeshapimwa vya kutosha? Mkikiona mnachokitafuta, matibabu yatabadilika vipi, na msipokiona je? Nani atamlaza usingizi? Hicho kinyama kitasomwa wapi, na majibu nitapewa lini, kwa lugha gani? Hili mnalifanya kwa ajili yake, au kwa ajili ya utafiti? Ikiwa ni utafiti, naweza kukataa na bado akatibiwa?

Maswali hayo hayahitaji shahada, na daktari mwenye nia njema hayamchukizi. Mama mdogo hakufundishwa kuyauliza. Aliuliza moja tu, nalo alilipeleka kwa kijana wa jirani anayesoma historia: hapa wameandika nini?